Safari ya gari-nyumba kando ya bahari pamoja na mbwa: mwongozo kamili

Gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko, choo na matangi yake ya maji, linamfaa mbwa kuliko njia nyingi za kusafiri. Hapandishwi ndege, habadilishiwi malazi kila usiku, na harufu ya kitanda chake inamfuata popote anapolala. Lakini gari hilo hilo likiachwa juani hugeuka tanuri, na ufuo una hatari ambazo mbwa aliyekulia mbali na bahari hana namna ya kuzijua. Ndiyo maana nasisitiza jambo moja tangu mwanzo: ratiba ifuate jua na maji kujaa na kupwa, kisha kilomita zijipange kwenye nafasi inayobaki.

1. Daktari na karatasi kwanza

Anza hapa kabla hujachagua hata gari, kwa sababu karatasi zina tarehe zisizobembelezeka. Kama njia yako inavuka mpaka, soma masharti ya kila nchi utakayoingia, pamoja na masharti ya kurudi ulikotoka. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unataka mbwa awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi kabla ya kuchanjwa kichaa cha mbwa, awe ametimiza wiki 12 siku ya chanjo, na siku 21 zipite baada ya chanjo ya kwanza. Akitoka nchi isiyo kwenye orodha ya Umoja huo, anahitaji pia kipimo cha damu: sampuli ichukuliwe angalau siku 30 baada ya chanjo, kisha miezi 3 ipite kabla ya kuingia. Ireland, Malta, Finland, Norway na Uingereza huongeza dawa ya tegu, ambayo daktari huitoa kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya mbwa kuingia, isipokuwa kwa wanaotoka nchi chache zilizosamehewa. Ukihesabu hayo yote utaona kwamba safari ya mwezi wa saba huenda ikabidi ianze kuandaliwa mwezi wa pili.

Nenda kwa daktari wa mifugo ukiwa na ramani ya njia mkononi, maana magonjwa ya mbwa yana makazi yake. Kando ya Bahari ya Mediterania usubi hueneza lishmania, ugonjwa wa vimelea. Penye mbu wengi, hasa mito inapokutana na bahari, kuna minyoo ya moyo, na dawa yake ya kuzuia hutolewa baada ya kumpima mbwa kwanza. Majani marefu nyuma ya matuta ya mchanga ni maskani ya kupe. Daktari akijua unakopita atakupa kinga inayofaa. Mwombe pia dawa ya kichefuchefu cha safari kama mbwa wako hutapika garini, na nakala ya rekodi zake za matibabu.

Jambo dogo linalosahaulika ni namba ya simu. Chipu haina faida kama namba iliyosajiliwa nayo ni ya zamani. Ihakikishe kabla ya kuondoka, na kwenye kibati cha shingoni andika namba yako ikiwa na msimbo wa nchi.

2. Chagua na andaa gari ukimtazama mbwa

Swali la kwanza mbele ya gari lolote: mbwa atakaa wapi likiwa linatembea? Kuna majibu mawili ya kuaminika. Kizimba kilichofungwa imara kwenye mwili wa gari, chenye nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala. Au mkanda wa kifuani uliounganishwa na mkanda wa usalama wa kiti. Usimfunge kwa ukanda wa shingoni, na usimweke mbele ya mfuko wa hewa. Kama unavuta karavani, mbwa apande gari linalovuta. Ndani ya karavani humwoni, humsikii, na huwezi kujua joto limefika wapi.

Kisha shuka sakafuni, kwa maana halisi. Piga magoti mahali atakapolala, uangalie gari kwa kimo chake. Gesi ya kupikia, iwe propani au butani, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hukusanyika chini, yaani pale pale mbwa anapolala, wakati wewe kitandani huenda usinuse chochote. Kifaa cha kung'amua gesi kiwe karibu na sakafu, nacho kijaribiwe kabla ya kuondoka. Kaboni monoksidi ni suala jingine: haina harufu, na hutoka kwenye jiko, hita au jenereta. Kifaa chake kifungwe kwa kimo kinachoelekezwa na mtengenezaji. Usipashe gari joto kwa kuwasha jiko, hata usiku wa baridi kali.

Ukiwa bado chini, angalia sakafu yenyewe. Kama inateleza, tandika mkeka wa mpira. Mbwa anayeteleza kila kona huanza kuliogopa gari ndani ya siku chache tu, na hofu hiyo haiondoki upesi.

Kuhusu uzito, usikadirie kwa macho. Katika nchi nyingi leseni ya kawaida ya gari dogo inaishia kilo 3,500, na magari-nyumba mengi hukaribia kiwango hicho yakiwa matupu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 100 likijaa ni kilo 100. Ongeza mbwa wa kilo 30, kizimba, chakula chake, baiskeli na watu. Lipitishe gari kwenye mizani likiwa limepakiwa kila kitu. Kimo chake kiandike kwenye karatasi na kuibandika mbele ya usukani. Barabara za pwani zina madaraja ya zamani na matawi yaliyoinama.

3. Mzoeshe kabla ya safari

Egesha gari nyumbani, mlango wazi, umlishe humo. Baadaye alale humo mchana, kisha mlale pamoja usiku mmoja au zaidi. Washa pampu ya maji, feni ya dari, jenereta. Kunja na kukunjua turubai la pembeni, kwa sababu mbwa wengi hushtushwa na mlio wake kuliko ule wa injini. Halafu safari fupi inayoishia mahali anapopapenda. Kwa mbwa mzee au mwenye mgongo mrefu, mfundishe kupanda kwa ubao wa mteremko. Ngazi za gari-nyumba ni nyembamba na zina matundu, na wengi hukataa katakata kuzikanyaga.

Mfundishe pia neno moja la mlangoni: "Ngoja." Asishuke mpaka aruhusiwe, kila mara, hata mvua inaponyesha na kila mtu ana haraka. Mbwa hupotea kwa urahisi zaidi mlango unapofunguliwa mahali pageni.

4. Panga njia kwa jedwali la maji

Hapa ndipo safari ya pwani inapotofautiana na nyingine zote, na ndipo napenda utumie muda mwingi zaidi.

Sehemu nyingi duniani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takribani saa 24 na dakika 50. Maana yake maji hujaa kama dakika 50 baadaye kila siku. Fanya hesabu ya wiki: dakika 50 mara siku 7 ni karibu saa 6. Kama siku ya kwanza ya safari maji yamekupwa saa 1 asubuhi, ufuo mpana na mchanga mgumu, basi wiki moja baadaye, saa ile ile, maji yatakuwa yamejaa hadi kwenye mawe na mbwa hatakuwa na pa kukimbia. Watu huliona jambo hilo wakiwa wameshafika, wanadhani ufuo wa pili ni mbaya. Ufuo hauna kosa. Saa ndiyo imehama.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika siku zote za safari kwenda chini. Mbele ya kila siku andika saa ya maji kupwa kwa eneo utakalokuwepo, saa ya jua kuchomoza na ya kuzama. Asubuhi ambazo maji yanakupwa mapema ndizo asubuhi za ufuo. Panga kulala karibu na fukwe pana. Asubuhi ambazo maji yamejaa ndizo siku za kuendesha, au za njia za msituni na juu ya miamba. Mchana wa jua kali, hata maji yakiwa yamekupwa vizuri namna gani, si wakati wa mbwa. Ukimaliza kuandika, utaona safari imejipanga yenyewe kwa sehemu kubwa.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana. Siku hizo kuwa mwangalifu na fukwe zilizo chini ya miamba mirefu, kwa sababu njia uliyoingilia inaweza kufunikwa nyuma yako. Ingia maji yakiwa bado yanakupwa, na ugeuke kurudi kabla hayajaanza kujaa. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na mambo ni mepesi. Mediterania tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo mno kiasi kwamba jua peke yake linatosha kukupangia siku. Na sehemu za Ghuba ya Mexico maji hujaa mara moja tu kwa siku. Tumia jedwali la mahali ulipo.

Kwenye karatasi hiyo hiyo ongeza sheria za fukwe. Nyingi huruhusu mbwa kwa msimu au kwa saa, mara nyingi asubuhi mapema na jioni, na hufungwa kabisa ndege wanapotaga au kasa wanapopanda kutaga mayai. Mayai ya ndege wa ufuoni hukaa wazi juu ya mchanga na yana rangi yake. Mbwa mmoja anayekimbia bila kamba anaweza kuwafukuza wazazi na jua likayaua makinda. Sheria hizi zina sababu, nami naomba uzifuate hata pasipo na mtu wa kukuona.

Mwisho, andika jina na simu ya daktari wa mifugo kwa kila kituo, ukiwa bado nyumbani penye mtandao mzuri.

5. Siku ya barabarani

Mlishe saa tatu au nne kabla ya kuondoka, maji asinyimwe. Simama kila baada ya saa mbili. Barabara ya pwani ina kona nyingi, na mwendo wake kwa gari refu ni wa polepole. Kwangu saa tatu za kuendesha kwa siku zinatosha, na siku moja kati ya tatu gari lisitembee kabisa. Mbwa hulala vizuri pale anapolala mara ya pili.

Kabla ya kuwasha injini kuna ukaguzi mmoja usiorukwa: kamba ya mbwa iko wapi? Kambini watu hufunga mbwa kwenye gari lenyewe, na kuna siku mtu huwasha na kuondoka. Tumia kigingi cha ardhini badala ya gari. Kisha ning'iniza funguo za gari kwenye ndoano ile ile ya kamba, ndani ya mlango. Kila unapochukua funguo, jicho linaona kama kamba ipo.

6. Ufuoni

Ukifika, usimfungue mara moja. Tembea naye kwa kamba mwanzo hadi mwisho wa eneo, ukiangalia mambo matatu: maji, kilichotupwa na mawimbi, na watu. Wapo wanaoogopa mbwa, na ufuo ni wao pia. Juu ya miamba mirefu kamba isifunguliwe hata kidogo. Mbwa akimkimbiza ndege haoni ukingo.

Maji ya chumvi ndiyo hatari inayodharauliwa kuliko zote. Mbwa anayerudisha mpira kutoka baharini humeza maji kila anapofumbua kinywa. Kidogo humletea kuhara. Kingi huinua chumvi mwilini, naye hutapika, hupepesuka, na mwisho hupata degedege. Tumia kifaa bapa anachoweza kukishika bila kuachama, mpumzishe kila baada ya dakika 15 hivi, na mpe maji safi kidogo kidogo. Akianza kupepesuka ni dharura: daktari mara moja. Mchanga nao humezwa ukiwa umegandia kwenye mpira uliolowa, na ukijaa tumboni unaweza kuziba utumbo.

Mstari wa takataka ulioachwa na maji ndiko pua yake itakakompeleka. Bunju aliyekufa bado ana sumu kali. Konyeza, wengine humwita yavuyavu, huwasha hata akiwa amekauka. Mwaka 2009 mbwa walikufa kwenye fukwe za Auckland, New Zealand, baada ya kugusana na konokono wa bahari wasio na gamba, wenye sumu ile ile ya bunju. Mfundishe "Acha" kwa dhati kabla ya safari, na mpe kitu kizuri kila anapotii.

Ndoana za wavuvi zinahitaji maelezo yake. Chambo kinanuka, mbwa anakimeza, na kinachobaki kinywani ni uzi unaoning'inia. Mkono wako utataka kuuvuta. Usiuvute: ndoana ikiwa imeshafika kooni au tumboni, utaichimbia ndani zaidi. Usiukate karibu na mdomo pia, kwa kuwa daktari anauhitaji. Ufunge uliobaki kwenye ukanda wake wa shingo usizidi kumezwa, mzuie kula, mpeleke.

Mchanga mkavu huungua kuliko unavyodhani. Weka mgongo wa kiganja chako chini kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake hazitaweza. Kipimo hicho kitumie kwenye lami pia. Vidimbwi vya maji yasiyo ya chumvi nyuma ya ufuo, vyenye utando wa kijani au bluu, asivinywe wala asioge. Mwani wa aina hiyo unaweza kuua kwa saa chache.

Kabla ya kupanda gari, msuuze. Pampu ya mkono ya kunyunyizia mimea, ya lita 5, inatosha kwa mbwa wa wastani na haili maji ya tangi. Anzia miguuni, katikati ya vidole ambako chumvi na mchanga hubanana, kisha tumbo, kwapa, na chini ya mkanda wa kifuani. Kausha masikio kwa kitambaa laini. Mkanda usuuzwe na wenyewe. Chuma chake kikishika kutu hukatika siku isiyotarajiwa.

7. Kambini na joto

Egesha ubavu wenye turubai ukielekea mashariki, upate kivuli mchana unapozidi. Upepo wa bahari huvuma kuelekea nchi kavu alasiri, kwa hiyo madirisha ya pande mbili yakifunguliwa hewa hupita. Usiku upepo hugeuka, ukitoka bara, na mbu huja nao. Usiegeshe kwenye mchanga ulio chini ya mstari wa maji kujaa, wala kwenye mchanga mlaini ukiwa na gari zito. Ukizama, gari la kukuvuta linaweza kuchukua muda mrefu kufika kuliko maji.

Sasa joto. Nje kukiwa na nyuzijoto 24 tu, gari lililofungwa juani hufika takribani nyuzijoto 43 ndani ya nusu saa, na kufungua dirisha kidogo hakusaidii. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Hupoa kwa kuhema, na hewa ikiwa ya moto kuhema hakumfai kitu. Watu hutegemea kiyoyozi. Lakini kiyoyozi hutegemea umeme wa kambi, na umeme hukatika bila kukuaga. Kifaa cha kukutumia ujumbe joto likipanda ni kizuri, ila nacho hutegemea mtandao wa simu, ambao kwenye pwani za miamba mara nyingi haupo. Msimamo wangu ni huu: penye joto mbwa haachwi garini peke yake. Anayetaka kuona makumbusho aende, mwenzake abaki. Wenye mbwa wa pua fupi, kama pagi na buldogi, washike msimamo huo kwa ukali zaidi.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2, likifika 41 maisha yako hatarini. Dalili ni kuhema kusikokoma, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kutapika, kuyumba. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya baridi mwili mzima, mpepee. Usimfunike kwa taulo lililolowa, kwa kuwa hufungia joto ndani. Anza kumpoza hapo hapo, kisha safari ya kwa daktari iendelee ukiwa bado unampoza.

Maji ya kunywa: hesabu mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, na ongeza mpaka mara mbili siku za joto. Mbwa wa kilo 20 anahitaji lita moja na zaidi kidogo siku ya kawaida. Beba ya akiba kwenye madumu, nje ya hesabu ya tangi. Kinyesi kiokotwe kila mahali, ufukweni kabla ya pengine popote, na kitupwe kwenye pipa. Choo cha gari hakikitaki.

8. Ukirudi

Osha gari chini, si mwili pekee: chasisi, mabomba ya breki, ngazi, maungio ya umeme. Chumvi huendelea kula chuma likiwa limeegeshwa nyumbani. Fungua kizimba, toa mchanga kwenye reli za kiti na za mlango kabla haujazikwaruza.

Mbwa mkague kwa vidole, taratibu, kinyume cha manyoya: ndani ya masikio, shingoni, kwapani, katikati ya vidole. Kupe akiwepo mng'oe kwa kibano ukimshika karibu kabisa na ngozi, bila kumponda. Endelea na dawa ya minyoo ya moyo kwa muda alioandika daktari, kwa sababu hufanya kazi kwa kurudi nyuma na ukiikatiza siku ya kufika nyumbani umeipoteza. Na akiugua miezi kadhaa baadaye, mwambie daktari mlipita wapi. Lishmania inaweza kujificha kwa miezi au hata miaka kabla ya kuonyesha dalili, na daktari asiyejua kuhusu safari hiyo hatakuwa na sababu ya kuipima.